Bahasha ya paking: mpaka uwe na gari ndiyo uende kusali?

Leo naomba tuongee jambo ambalo wengine mtaliona dogo, na wengine mtaona namtafutia mchungaji ubaya. Wala. Someni mpaka mwisho, halafu ndiyo mnirushie mawe.

Jumapili moja nilisali katika usharika mmoja hapa Dar, kando ya barabara kubwa. Jina silitaji, maana lengo si kumwanika mtu. Baada ya matangazo ya ndoa, mzee wa kanisa akasimama na bahasha mkononi. Jengo limeisha, akasema, sasa ni zamu ya maegesho. Magari yamekuwa mengi, wenzetu wanaegesha mpaka barabarani na trafiki wanawasumbua. Kwa hiyo ile miembe miwili ya nyuma itakatwa, eneo litamwagwa zege, na kila msharika atapata bahasha yake. Watu wakapiga makofi. Bahasha zikaanza kupita benchi kwa benchi.

Jirani yangu alikuwa mama mmoja aliyekuja kwa mguu na wanawe wawili. Nilikuwa nimewaona asubuhi wakivuka barabara ile ile. Hakuna taa, hakuna zebra, unasubiri upenyo halafu unakimbia. Mama huyo naye akapewa bahasha. Akaikunja vizuri, akaiweka ndani ya Biblia.

Nikajiuliza, hivi huyu mama anachangia nini hasa? Anachangia mahali pa kulaza gari ambalo hana. Mwembe unaokatwa ndipo wanawe wanapokaa kila Jumapili kufundishwa neno. Na hayo magari yanayojengewa zege ndiyo yanayomfanya avuke barabara huku akiomba Mungu. Analipa mara tatu! Na hakuna aliyemwonea kwa makusudi, maana mzee wa kanisa ni mtu mwema na wenye magari ni watu wema. Ndiyo maana nasema jambo hili lina mzizi mrefu kuliko usharika mmoja.

Kabla hamjaniuliza, ndugu zangu Waislamu msicheke. Ijumaa saa saba mchana pita karibu na misikiti mikubwa ya mjini uone. Magari yamepandishwa juu ya njia ya waenda kwa miguu, mwenye kibaiskeli chake anatafuta pa kupita, na mzee mwenye mkongojo anatembea katikati ya barabara kwa sababu pembeni kumejaa. Wote tumo.

Utegemezi wa gari ni nini?

Najua wengi mnaosoma hapa hamna gari, na mimi mwenyewe sijafika huko. Utasema sasa hii inanihusu nini, mwambie mwenye mkoko wake apunguze. Hapo ndipo tunapokosea. Utegemezi wa gari hauanzi siku ile unaponunua IST. Unaanza siku mji unapopangwa kwa kumfikiria mwenye gari peke yake. Sokoni, hospitali, shuleni, kazini, kanisani, kote unafika kwa raha ukiwa na gari, na kwa mateso usipokuwa nalo. Kwa hiyo anayeteseka zaidi na utegemezi wa gari ni yule asiye na gari. Mwenye nalo anakaa kwenye foleni amewasha kiyoyozi. Wewe uko nyuma yake kwenye daladala, umesimama, mkono juu, kwapa la mwenzako usoni.

Angalia mji wenyewe. Sensa ya 2002 ilikuta Dar ina watu kama milioni 2.5. Ya 2012 ikakuta milioni 4.36. Ya 2022 ikakuta milioni 5.38. Yaani katika miaka 20 mji umezidi mara mbili, na watu hawa wapya hawakujengewa Posta. Wameenda Chanika, Bunju, Mbagala na Goba, na wengi wamevuka mpaka wa mkoa kabisa hadi Kibaha. Nyumba zimeenda mbali, kazi nyingi zimebaki katikati. Sisi tukajibu kwa kujenga barabara za juu. Ile ya TAZARA, iliyopewa jina la Mfugale, ilizinduliwa Septemba 2018. Ile ya Ubungo, iliyopewa jina la Kijazi, ilizinduliwa Februari 2021. Barabara ya Morogoro kutoka Kimara kwenda Kibaha ikapanuliwa, na kabla ya hapo, mwaka 2017, nyumba nyingi za watu zilibomolewa kuipisha.

Sisemi barabara hizo hazina faida. TAZARA palikuwa na laana, tuseme ukweli. Lakini ukipanua barabara bila kuweka basi la uhakika, unamwambia kila anayeweza kukopa: nunua gari. Akinunua, barabara inajaa tena. Mkishapanua mtakaa miaka michache, kisha mtarudi pale pale kudai ipanuliwe tena.

Na dini imeingiaje hapo?

Imeingia kwa milango mitatu.

Mlango wa kwanza ni umbali. Zamani mtu alisali parokia yake au msikiti wa mtaa wake. Siku hizi mtu anakaa Tegeta anasali Temeke kwa sababu huko kuna mhubiri anayemgusa. Anapita makanisa kumi njiani. Sina ugomvi na chaguo la mtu, lakini tukubali kwamba ibada ya namna hiyo haiwezekani bila gari, au bila daladala mbili na bajaji.

Mlango wa pili ni mahubiri. Ni mara ngapi umesikia ushuhuda wa gari? "Bwana ametenda, mwaka jana nilikuwa natembea kwa mguu, leo nimekuja na gari langu!" Kanisa zima linalipuka kwa vigelegele. Gari linaombewa, linapakwa mafuta. Sawa, kushukuru si dhambi. Ila yule aliyekuja kwa mguu leo, na mwaka jana alikuja kwa mguu, na mwakani atakuja kwa mguu, anasikia nini? Anasikia kwamba baraka haijamfikia. Taratibu miguu inageuka kuwa alama ya kukosa imani.

Mlango wa tatu ni heshima ya viongozi. Mchungaji akitimiza miaka kadhaa ya utumishi, zawadi ni gari. Paroko akihamia, swali la kwanza la kamati ni usafiri wake. Kwa vijijini naelewa kabisa, paroko mwenye vigango vilivyosambaa hawezi kuvimaliza kwa miguu. Lakini hapa mjini kiongozi asiyepanda kamwe daladala atajuaje waumini wake wanafikaje kwake?

Sasa tazama kinyume chake. Jorge Mario Bergoglio alipokuwa Askofu Mkuu wa Buenos Aires alijulikana kwa kupanda basi na treni ya chini ya ardhi kama raia wengine. Akawa Papa Fransisko. Alipokuja Nairobi Novemba 2015, watu walishangaa kumwona ndani ya Honda ndogo huku msafara wa wakubwa ukiwa na magari ya kutisha. Mwaka huo huo alitoa waraka wa Laudato Si', na aya ya 153 inazungumzia usafiri wa mijini. Anasema magari mengi yanayobeba mtu mmoja mmoja au wachache yanaleta foleni na moshi, kisha yanadai barabara na maegesho zaidi yanayoharibu sura ya mji. Anataka usafiri wa umma upewe kipaumbele. Lakini hakuishia hapo, na hapa ndipo nilipompenda. Anakiri kwamba watu hawatakubali kuacha magari kama usafiri wa umma wenyewe unawadhalilisha, kwa msongamano, kwa kuchelewa, kwa kukosa usalama. Ametumia lugha ya utu wa binadamu kuzungumzia basi! Aliyewahi kugombania mwendokasi pale Kimara saa kumi na mbili asubuhi anaelewa bila kufafanuliwa.

Upande wa Uislamu nako kuna hazina kubwa. Kuna hadithi katika Sahihi Muslim ya mtu wa Madina ambaye nyumba yake ilikuwa mbali kuliko wote, na bado hakukosa sala msikitini. Wakamshauri anunue punda wa kupanda wakati wa giza na wakati wa joto kali. Akakataa, akasema anataka hatua zake za kwenda na kurudi ziandikwe. Mtume (S.A.W.) akamhakikishia kwamba Mungu amemkusanyia zote. Punda wa zama zile ndiye IST ya leo, jamani! Kuna pia mafundisho kwamba kuondoa chenye kudhuru njiani ni sehemu ya imani, na kwamba njia ina haki zake. Sasa gari lililoegeshwa juu ya njia ya waenda kwa miguu, likamlazimisha kipofu ashuke barabarani, tuliite nini kama si adha? Mtu anakwenda kutafuta thawabu ndani huku ameacha adha mlangoni.

Somo la Wayahudi wa Marekani

Kuna kisa kimoja natamani kila mzee wa kanisa na kila kamati ya msikiti wakijue. Wayahudi wanaoshika sheria kwa ukali hawaendeshi gari siku ya Sabato, kuanzia Ijumaa jua linapozama hadi Jumamosi usiku. Matokeo yake ni kwamba lazima waishi karibu na sinagogi. Ukienda wanakoishi utakuta nyumba, duka la mkate, shule na sinagogi, vyote ndani ya mwendo wa miguu. Hakuna serikali iliyowapangia. Amri moja ya dini ndiyo iliyowapangia mtaa.

Baada ya Vita Kuu ya Pili familia nyingi za Marekani zilihamia pembezoni mwa miji. Mwaka 1950, kamati ya marabi wa tawi la Conservative, ambalo halina ukali kama lile la kwanza, ikaruhusu anayeishi mbali aendeshe gari kwenda sinagogi siku ya Sabato. Nia ilikuwa njema, watu wasikose ibada. Lakini mwaka 2003, Ismar Schorsch, mkuu wa seminari yao kubwa kule New York, alisema hadharani kwamba uamuzi ule ulikuwa kosa. Kwa nini? Kwa sababu ruhusa ya kuendesha gari iliwaondolea watu sababu ya kukaa karibu. Waumini wakatawanyika, na jumuiya ya watu wanaotembeleana mchana wa Sabato ikapungua.

Mnaona? Gari lilionekana kuokoa ibada, kumbe likachukua ujirani. Na ujirani ukiondoka, ibada inabaki kama sinema: unakuja, unakaa, unatazama, unaondoka.

Sisi hapa tuna kitu ambacho wale wameanza kukitamani tena. Maaskofu wa Kikatoliki wa Afrika Mashariki, kupitia AMECEA, walianza kuzungumzia jumuiya ndogo ndogo mwaka 1973 na kuzifanya kipaumbele mwaka 1976. Leo kuna jumuiya karibu kila mtaa. Wanasali nyumba kwa nyumba, wanajua nani anaumwa, nani amefiwa, nani hajalipa ada ya mtoto. KKKT nao wana jumuiya zao. Waislamu wana msikiti wa mtaa na madrasa. Hakuna anayeenda jumuiya kwa gari! Watu wanaenda na kandambili. Yaani tayari tuna mfumo wa dini unaotembea kwa miguu, tena unafanya kazi. Tatizo ni kwamba tunauona kama jambo la wiki, na hekalu lenye paking ndiyo jambo la maana.

Damu barabarani

Kama bado unaona haya ni mambo ya starehe, tuongee vifo. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2023 inasema ajali za barabarani zinaua watu wapatao milioni 1.19 kwa mwaka, na ndizo zinazoongoza kuua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29. Huo ni umri wetu. Afrika ina takriban asilimia 3 tu ya magari ya dunia lakini inabeba karibu asilimia 19 ya vifo hivyo. Magari machache, vifo vingi. Kwa nini? Kwa sababu wengi wetu tuko nje ya gari, na barabara hazikujengwa kwa ajili yetu.

Lakini inawezekana kubadilika, na mfano uko hapa hapa Dar. Kuna mradi unaitwa SARSAI, wa shirika la Amend, ambao ulipita kwenye shule za msingi zilizo kando ya barabara hatari. Waliweka matuta, zebra, alama, njia za miguu na vizuizi vya kuzuia magari yasipande wanakopita watoto. Ni vitu vya kawaida kabisa. Mwaka 2019 mradi huo ulishinda tuzo ya kimataifa ya miji ya taasisi ya WRI. Sasa piga hesabu. Ukitoka kwenye shule, ni wapi tena watoto wengi wanavuka barabara kwa wakati mmoja? Kanisani na madrasa! Mbona hatujasikia usharika uliochangisha tuta na zebra kwa bidii ile ile unayochangisha zege la paking?

Wengine wamefanya nini?

Wazee wetu wanaokumbuka miaka ya shida ya mafuta, mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa 1980, watakuambia kwamba Tanzania iliwahi kuzuia magari binafsi kutembea Jumapili kuanzia saa nane mchana bila kibali. Ilikuwa ni kwa sababu ya uhaba, na watu walilalamika. Uholanzi nao mwaka 1973, Waarabu walipobana mafuta, walipiga marufuku magari siku za Jumapili, na watoto wakacheza katikati ya barabara kuu. Ule uhaba ulipoisha sisi tulisahau. Wao, pamoja na vilio vya wazazi waliochoka kuzika watoto waliogongwa, wakaendelea kujenga njia za baiskeli mpaka leo.

Bogotá, Colombia, tangu 1974 wanafunga barabara kubwa kila Jumapili asubuhi kwa ajili ya watembea kwa miguu na baiskeli. Ni nchi ya Wakatoliki wengi na misa hazijafutwa. Jirani zetu Kigali walianza siku yao bila magari mwaka 2016, nayo inafanyika Jumapili. Addis Ababa wakafuata mwishoni mwa 2018. Na Makka kwenyewe, tangu 2010 kuna treni ya mahujaji inayounganisha Mina, Muzdalifa na Arafa, ikapunguza maelfu ya mabasi yaliyokuwa yanabanana siku za hija. Kama ibada kubwa kuliko zote imepangiwa usafiri wa umma, itakuwaje sala ya Ijumaa ya Kariakoo?

Mwendokasi, tumaini na machungu

Hatuwezi kumwambia mtu aache gari bila kumwonyesha atapanda nini. Mwendokasi ilianza Mei 2016, ikiwa na kilomita zipatazo 21 kutoka Kimara hadi Kivukoni, na matawi ya Kariakoo na Morocco. Watu tulifurahi. Mwaka 2018 Dar ilipewa tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu. Halafu? Mabasi yakapungua, Jangwani ikafurika na kituo cha mabasi kikaingia maji, foleni ya abiria ikawa ndefu kuliko ile ya magari. Hasira zikapanda mpaka Oktoba 2025 abiria wakaanza kuyapiga mabasi mawe. Mwisho wa mwezi huo huo, katika vurugu za uchaguzi, vituo vikaharibiwa na vingine kuchomwa moto.

Kuna funzo chungu hapo. Kitu cha umma kikimdhalilisha mwananchi kwa muda mrefu, siku ya hasira hatakilinda kama chake. Papa alisema utu. Sisi tulipuuza utu, tukavuna moto.

Na hapa viongozi wa dini nawauliza kwa heshima zote. Mmezungumzia mengi, na tunawashukuru. Je, ni lini basi limewahi kuwa mada ya khutba au waraka wa kichungaji? Msibani mnasikitika na aliyefiwa, hospitalini mnakwenda kumwona mgonjwa. Mbona abiria aliyekaa kituoni saa mbili kila asubuhi, anafika nyumbani watoto wamelala, hana wa kumsemea? Talaka ngapi na watoto wangapi wasiolelewa na baba zao zinatokana na saa nne za kila siku barabarani? Hili ni jambo la familia, na familia ndiyo mada yenu.

Najua mtakachosema

"Wewe unataka bibi yangu wa miaka themanini atembee?" Hapana. Bibi, mgonjwa, mjamzito na mlemavu ndio wanaostahili gari hadi mlangoni. Na siku hizi hawapati, kwa sababu nafasi ya mlangoni imekaliwa na kijana wa miaka thelathini aliyetoka mtaa wa pili.

"Usiku wa mkesha je? Dada zetu wakabwe?" Hoja ya kweli kabisa. Usitembee peke yako saa tisa usiku. Lakini jibu lake ni taa za mtaani, kutembea kwa kikundi, na basi la kukodi la usharika. Ukisema jibu ni kila mtu awe na gari, basi umemwambia dada asiye na gari asije mkesha.

"Jua la Dar unalijua wewe?" Nalijua, natembea nalo. Ndiyo sababu nalilia miembe! Kivuli ndiyo kiyoyozi cha maskini, na nyinyi mnataka kukikata mkamwage zege.

"Gari ni la kwangu, nimelinunua kwa jasho." Ni lako. Barabara si yako, na kiwanja cha kanisa si chako. Hapo tunazungumza kama jamaa.

Tufanye nini basi?

Mimi si mtaalamu wa mipango miji. Napendekeza mambo ambayo hayahitaji kibali cha waziri.

Moja, usharika au msikiti uulize waumini wanafikaje. Wiki moja tu, karatasi mlangoni: mguu, daladala, bodaboda, gari. Nadhani kamati nyingi zitashangaa, maana wenye gari wanaonekana zaidi na ndio wanaokaa kwenye kamati.

Mbili, lifti. Anayetoka Mbezi na viti vinne vitupu awachukue wa jumuiya yake. Jumuiya zina orodha tayari. Gari la watu watano ni gari moja, magari matano ya mtu mmoja mmoja ni foleni.

Tatu, kabla ya zege la paking, zebra na tuta. Usharika uandike barua TANROADS au TARURA, kutegemea barabara ni ya nani, na msikiti wa jirani utie saini pia. Barua ya dini mbili haitupwi haraka.

Nne, ratiba. Kama daladala za kwanza hazijafika, ibada ya saa kumi na mbili asubuhi inambagua asiye na gari. Na ibada inayopangiwa saa mbili ikaisha saa saba inambana mtu anayelazimika kupanda magari mawili.

Tano, ushuhuda. Siku moja mchungaji amsimamishe yule mama aliyekuja kwa mguu miaka kumi bila kukosa. Naye apigiwe vigelegele.

Sita, viongozi wapande basi, hata mara moja kwa mwezi, bila wapiga picha. Makanisa mawili makongwe ya mjini, Mtakatifu Yosefu na Azania Front, yalijengwa kabla gari halijawa usafiri wa mtu yeyote hapa, na leo mwendokasi inapita jirani yao. Wahenga wale hawakuweka paking, na watu walijaa.

Turudi kwa yule mama. Jumapili iliyofuata nilimwona tena. Bahasha yake alikuwa ameirudisha, ina pesa ndani, sijui kiasi gani. Nikamuuliza, mama, unajua pesa hii ni ya nini? Akaniambia, "Ya nyumba ya Mungu, mwanangu." Sikuwa na la kumjibu. Miembe ilikuwa bado imesimama, watoto wamekaa chini yake wanaimba. Baada ya ibada nilimfuata mzee wa kanisa nikamwomba jambo hili lirudi kwenye kikao kabla shoka halijafika. Alinisikiliza, akakuna kichwa, akasema, "Kijana, hilo hatukulifikiria. Andika barua." Barua nimeipeleka. Kikao bado.

Kwenu wadau: mnasali wapi, na mnafikaje? Kuna msikiti au kanisa lililojaribu lifti, zebra au basi la pamoja, ikawaje? Na wenye magari, jiteteeni, ukumbi ni wenu. Mwageni maoni hapo chini, ila tusitukanane dini.